Aliyepiga Muziki wa Kajamaa

Mwaka 1997 Ujiji ilikuwa na mabanda matatu ya gemu za TV, na la Bi Mwanne wa Kitongoni ndilo lililokuwa duni kuliko yote. TV yake ilikuwa ndogo, kaseti ya gemu ilikuwa moja tu, na benchi la wachezaji zamani lilikuwa mlango. Gemu yenyewe ilihusu mtu mfupi mwenye kofia nyekundu, anayekimbia juu ya magogo, akiruka mamba na kuokota ndizi. Maandishi yake yote yalikuwa ya Kijapani, kwa hiyo hakuna aliyejua jina lake. Watu wakamwita Kajamaa.

Mwanne alikuwa mjane wa miaka arobaini na kitu, mshonaji hodari. TV na gemu alivipata kwa kubadilishana cherehani yake na mfanyabiashara Mrundi aliyekuwa na haraka ya kuelekea Dar es Salaam. Mtaa mzima ulimcheka.

"Cherehani inalisha nyumba," walimwambia. "Huyo Kajamaa anakula ndizi zake peke yake."

Mwanne akawajibu kwamba mgongo wake umechoka kuinama, na kwamba hao hao wanaocheka watakuja kupanga foleni mlangoni kwake. Na kweli walikuja, kwa miezi miwili. Kisha picha ikaanza kuchezacheza, akaitwa Dismasi, fundi wa redio na TV kutoka Simbo.

Dismasi alijiamini kuliko alivyojua kazi. Alifungua TV, akapuliza vumbi, akachomea risasi ya kuunga nyaya hapa na pale, akaifunga. Picha ikatulia tuli. Sauti ikapotea.

"Mama, macho yamepona," alisema huku akikusanya bisibisi zake. "Masikio yatafuata. Kuna kifaa kimoja nakiagiza."

Kifaa hakikuja. Wachezaji wakaanza kuhama. Gemu isiyo na muziki, walisema, ni kama kula harusini bila ngoma. Unashiba, lakini unarudi nyumbani ukijiuliza kama kweli kuna mtu ameolewa. Waliobaki walicheza kimya, vidole vikigonga vitufe tak-tak-tak, kama watu wanaochambua mchele.

Nyuma ya benchi hilo kulikuwa na pazia la kitenge, na nyuma ya pazia chumba kidogo. Humo aliishi Stephania.

Stephania alikuwa amekimbia vita, akavuka ziwa kutoka Uvira, upande wa Kongo, mwezi Novemba mwaka uliotangulia, katika mtumbwi wa injini uliojaa watu, magodoro na mbuzi mmoja. Waliposhushwa Katonga, wenzake walipelekwa uwanjani kusubiri malori ya kambini. Yeye alishindwa kusimama kwa homa. Mwanne, aliyekuwa pale kununua dagaa, alimwona amejilaza juu ya nyavu za watu, akamchukua kwake alale usiku mmoja. Usiku huo mmoja sasa ulikuwa umefikisha miezi minne. Mwanne hakuuliza mengi. Alijua tu kwamba mgeni wake ana miaka thelathini na kidogo, kwamba hana kibali cha kukaa mjini, na kwamba hataki kuonekana na watu asiowajua.

Walikuwa wamegombana mara moja tu, wiki ya kwanza, Stephania alipomwita "yaya".

"Mimi si yaya wa mtu," Mwanne alikuja juu. "Humu ndani hakuna mtoto wa kubembelezwa."

"Kwetu yaya ni dada mkubwa," Stephania alisema, akicheka kwa mara ya kwanza tangu afike. "Ni heshima, si kazi."

Tangu hapo Mwanne akawa Yaya Mwanne, na alipenda kuliko alivyokubali kuonyesha.

Basi alasiri moja Stephania alikuwa ameketi chumbani akichana nywele zake, akisikiliza ule tak-tak-tak wa vitufe. Aliuvumilia siku nyingi. Siku hiyo ukamshinda. Alisogea kwenye pazia, akachungulia kwenye tundu lililotobolewa na panya, akamwona Kajamaa anaruka magogo bila mlio wowote. Bila kufikiri akachukua karatasi ya rangi ya fedha ya pakiti ya sigara iliyokuwa imezibia ufa wa dirisha, akaikunja juu ya kitana, akakiweka mdomoni, akapuliza.

Sauti iliyotoka ilikuwa nyembamba, yenye mtetemo, kama nyuki aliyesoma muziki. Kajamaa alipokimbia, ilikimbia. Alipookota ndizi, ililia "tiling!" Alipoangukia kwa mamba, ilishuka taratibu kama mtu anayeteremka kisimani.

Wachezaji waliruka juu. "Imepona! Bi Mwanne, sauti imerudi!"

Mwanne alikuwa nje akikaanga vitumbua. Aliingia, akatazama TV, akasikiliza, akatazama pazia. Alikuwa mwanamke mwenye akili ya haraka. Akaenda kuchukua boksi la sipika la redio mbovu, lisilo na kitu ndani, akalitundika ukutani karibu na pazia, akachomeka waya wake mahali pasipoelekea popote.

"Sipika mpya," aliwatangazia. "Marufuku kuigusa. Inarusha shoti."

Jioni, mlango ulipofungwa, aliingia chumbani akamkuta Stephania ameshika kitana kama mtoto aliyekutwa na sukari.

"Nisamehe, Yaya. Ilinitoka tu."

"Nikusamehe nini? Kesho unaanza saa ngapi?"

Kwa mwezi mzima banda la Mwanne lilifurika. Watu walikuja kutoka Gungu na Mwanga wakiwaambia wenzao kwamba kuna gemu Kitongoni ambayo muziki wake haujirudii. Na kweli haukujirudia. Asubuhi Kajamaa alikimbia kwa mwendo wa kwaya, mchana kwa rumba, na Ijumaa baada ya swala kwa kitu kilichofanana na taarabu. Stephania aliongeza sufuria kwa ajili ya ngoma na chupa ya soda kwa ajili ya upepo. Alimtungia kila mamba wimbo wake. Kulikuwa na mmoja mnene wa raundi ya pili aliyepigiwa matarumbeta ya mdomo kila alipotokea, mpaka wachezaji wakaanza kumsalimia.

Mara moja tu mambo nusura yaharibike. Umeme ulikatika, kama ulivyozoea, TV ikawa nyeusi, lakini Stephania alikuwa amefumba macho kwa utamu wa alichokuwa akipiga. Muziki ukaendelea peke yake gizani, ukamaliza ubeti, ukaanza mwingine. Watu wakatazamana.

"Sipika ina betri," Mwanne alisema bila kupepesa.

"Na gemu je?" mmoja akauliza. "Gemu inajuaje kwamba tumefika kwenye daraja?"

"Mjapani huyo, baba. Unamchezea Mjapani?"

Jibu hilo liliwatosha wote, isipokuwa mtu mmoja.

Mwalimu Pastory alifundisha shule ya msingi Gungu. Alikuwa kapera mwenye miwani minene na mambo mawili aliyoyapenda duniani: muziki wa Kongo na kuandika barua. Aliandikia magazeti, aliandikia vipindi vya salamu redioni, aliwahi hata kuiandikia idara ya reli kuhusu mlio wa honi. Jumamosi moja alikuja na baiskeli yake, akaketi kwenye benchi, na kwa kuwa vidole vyake vilikuwa hodari kama kalamu yake, akafika raundi ya tatu. Nyuma ya pazia Stephania alifurahi kupata mchezaji aliyefika mbali hivyo. Akapuliza wimbo alioupenda.

Pastory akaacha vitufe. Kajamaa akaliwa.

"Simamisheni!" alisema, akiinuka. "Huu wimbo naujua. Huu ni 'Mgebuka wa Jana'. Huu ni wimbo wa Regina Mawimbi!"

Hapo hata wasiojua gemu walishtuka, kwa sababu Regina Mawimbi hakuna pwani ya ziwa ambako hakujulikana. Kaseti zake zililia kwenye mitumbwi, vilabuni na kwenye harusi, upande huu na ule. Picha ya kwenye jalada ilionyesha wigi kubwa, miwani myeusi na mdomo mwekundu. "Mapenzi yako mgebuka wa jana," aliimba, akimsema samaki wa ziwani aliyelala, "hata paka ananusa, anapita." Tangu vita ianze hakuna aliyejua aliko. Wengine walisema amezama, wengine walisema yuko Ulaya.

"Mjapani ameiba!" Pastory alipaza sauti. "Mama wa watu hajulikani yuko wapi, hana mtetezi, na mtu amekaa Japani anachezesha mamba kwa wimbo wake. Kwenye kaseti hii jina la Regina liko wapi? Nionyesheni!"

Waliigeuza kaseti. Jina halikuwapo.

"Tena," aliongeza, akipandisha miwani, "ameiba vibaya. Ile sehemu ya kati Regina huipandisha. Huyu Mjapani ameishusha. Hana pumzi."

Nyuma ya pazia kitu kilianguka. Watu walidhani ni paka.

Mwanne alisubiri mpaka watu wametoka. Kisha akaingia chumbani, akaketi kitandani, akamtazama mgeni wake.

"Stefa. Ni wewe?"

"Nilikuwa mimi," Stephania alisema. "Wigi imebaki Uvira."

Ndipo akamweleza. Kule kwao kila aliyeshika bunduki alitaka atungiwe wimbo wa sifa. Wa kwanza walipomjia aliwaambia ana mafua. Waliowafukuza wale walipokuja, akawaambia mafua bado. Siku aliyosikia kwamba wa tatu wako njiani, alivua wigi, akatumia jina lake la ubatizo, akapanda mtumbwi.

"Nikiwa Stephania hakuna mtu ananidai wimbo," alisema. "Humu ndani nimepiga nilichotaka kwa mara ya kwanza tangu nianze kuwa mtu mkubwa. Mamba hawana chama." Kisha uso wake ukabadilika. "Lakini Yaya, umesikia alichosema yule mwalimu? Eti sina pumzi! Na kitana kile, mtu ataipandisha vipi ile sehemu? Kina meno manne yamevunjika!"

"Umesikitikia hilo tu?"

"Hilo ndilo limeniuma."

Kesho yake alimtuma Mwanne sokoni kununua kitana kipya, na Pastory aliporudi kuhakikisha ushahidi wake, ile sehemu ya kati ilipanda mpaka karibu na bati. Mwalimu alikuna kichwa. "Wamerekebisha," aliandika kwenye daftari. "Wanajua wanafuatiliwa."

Akaandika barua mbili. Ya kwanza aliipeleka redioni. Ya pili aliielekeza Japani. Na kwa kuwa hakuwa na anwani, alinakili juu ya bahasha maandishi yote ya mgongoni mwa kaseti, alama kwa alama, bila kujua kama ni anwani au ni onyo kwamba isitumbukizwe majini. Alipita na karatasi ya sahihi kuanzia Kitongoni mpaka Katonga. Wavuvi walitia vidole gumba. Stephania alimsikia kila siku akihutubia pale kwenye benchi kuhusu haki ya mwanamke asiye na mtetezi, na mara nyingine ilimbidi aache kupuliza kwa sababu ya kicheko, na mara nyingine kwa sababu nyingine.

"Ana sauti mbaya," alimwambia Mwanne, "lakini hakuna mtu aliyewahi kunipigania bila kutaka nimwimbie."

Barua ya redioni ilifika. Siku ya Jumatano akaja mtangazaji mmoja, Gervasi, kijana mtulivu aliyekuwa Kigoma kutengeneza vipindi vya habari za wakimbizi. Alikuwa na mashine ya kurekodi begani. Alimtumia Pastory ujumbe kwamba alasiri atapita kurekodi wimbo huo wa wizi, asikie mwenyewe.

Kwa bahati mbaya, asubuhi ya siku hiyo hiyo, Mwanne akiwa sokoni, kifaa cha Dismasi kilikuwa kimefika.

"Mwakeye!" Dismasi aliita mlangoni, akitoa salamu ya asubuhi kwa Kiha. Hakuna aliyeitika. Stephania alikuwa ndani, lakini hakutokea. Fundi alikuwa mtu asiyemjua. Alibaki kwenye tundu lake akimtazama anafungua TV, anachomea, anafunga, anaondoka akipiga mluzi. Mwanne aliporudi banda lilikuwa limeshajaa. Pastory alikuwa amevaa tai. Gervasi alikuwa amewasha mashine yake.

"Mheshimiwa, sikiliza kwa makini raundi ya tatu," Pastory alisema, akabonyeza kitufe.

TV ikalia yenyewe.

Ilikuwa ni mlio wa noti tano. Tii-ti-tii-ti-tu. Tii-ti-tii-ti-tu. Haukupanda wala kushuka. Kajamaa aliruka, tii-ti-tii-ti-tu. Akaokota ndizi, tii-ti-tii-ti-tu. Akafika raundi ya pili, na yule mamba mnene akatokea bila tarumbeta hata moja, kama bwana harusi aliyesahauliwa na bendi.

"Ndio huu?" Gervasi akauliza kwa upole.

"Subiri. Raundi ya tatu."

Raundi ya tatu ikafika. Tii-ti-tii-ti-tu.

Kisha mmoja akacheka, na wa pili, na hatimaye banda zima. Wale wale waliotia sahihi ndio waliocheka zaidi. "Mwalimu, umetutoa jasho kwa honi ya baiskeli!" "Kapeleke sahihi zetu kwa fundi wa masikio!" Gervasi alizima mashine, akaanza kukunja waya. Pastory alisimama katikati yao na tai yake, akiipandisha miwani ambayo haikuwa imeshuka.

"Lakini nimeusikia," alisema. "Ndugu zangu, naapa. Nimeusikia."

Stephania alimwona kupitia tundu. Mwanne, aliyekuwa amesimama karibu na pazia, alimsikia akivuta pumzi.

"Stefa, usifanye," alinong'ona. "Akikutangaza, wiki hii hii wanakuja kukuchukua."

"Yaya, yule anachekwa kwa sababu yangu."

Kikasikika kitana. Kilianza chini ya ule mlio wa TV, kikaufuata, kikaupita, kikaubeba kama mama anavyombeba mtoto mlizi, mpaka zile noti tano mbaya zikawa ni sehemu ya "Mgebuka wa Jana". Vicheko vikakoma. Vichwa vyote vikageukia sipika, kisha waya wa sipika, kisha msumari ambao ule waya ulikuwa umefungiwa. Kajamaa alikuwa ameliwa zamani, na muziki bado ulipanda.

Pazia likafunguka. Stephania alitoka na khanga ya Mwanne kiunoni, nywele zimesukwa twende kilioni, kitana mkononi.

"Pumzi ninayo, Mwalimu," alisema. "Kitana ndicho kilikuwa kibovu."

Pastory alivua miwani, akaifuta kwa tai, akaivaa. Walikuwa wa umri mmoja, lakini alichoweza kusema ni, "Shikamoo."

"Marahaba," Stephania akajibu, na hapo banda likalipuka kwa makofi. Watu walisukumana kumshika mkono. Mzee mmoja wa Kitongoni alilia waziwazi na kudai kwamba alijua tangu mwanzo. Pastory peke yake alikuwa ameshika kichwa.

"Mungu wangu," alisema. "Nimemtukana Mjapani. Kurasa nne."

Gervasi aliwasha tena mashine. "Mama, naomba utaje jina lako hapa, uniambie jinsi ulivyoanza kupiga muziki wa gemu."

Stephania alitazama kile kinasa sauti. "Muziki chukua," alisema. "Jina liache. Wako watu wakilisikia watakumbuka kwamba mafua yangu yameshapona."

Gervasi alifikiri kidogo, akatikisa kichwa kukubali. Wiki iliyofuata kipindi kilirushwa, na kuanzia Ujiji mpaka kambini watu walisikia kitana kikiimba bila kuambiwa ni cha nani. Waliojua walinyamaza. Kwa Ujiji, mji unaopenda maneno, hilo halikuwa jambo dogo.

Lakini siri ya watu hamsini haiwezi kukaa chini ya pazia. Stephania hakungoja kufuatwa. Alikwenda mwenyewe ofisi ya wakimbizi akajiandikisha, kwa jina la Stephania, kazi: mwalimu wa muziki. Asubuhi ya kuondoka, lori la kambi ya Lugufu lilimkuta kwenye kizingiti amejiinamia, na Mwanne akimfunga mafurushi kwa hasira, akikaza kamba kuliko ilivyohitajika. Wachezaji walikuwa wamekwenda Simbo kumsihi Dismasi aiharibu tena TV kama zamani, na Dismasi, kwa kuumia heshima, alikuwa amewafukuza.

Miezi mitatu ikapita. Mwanne alipata kibali cha kutembelea kambi, akapanda treni na kapu la migebuka ya kubanika. Hakuhitaji kuuliza njia. Alifuata kelele mpaka kwenye jengo la turubai, ambako wanawake kama thelathini, Wabembe, Wafulero na wengineo wa ng'ambo ya ziwa, walikuwa wamepangwa kwa mistari, na Stephania mbele yao, kavaa viatu vya plastiki, akigonga kifuniko cha ndoo kwa mwiko.

"Sauti ya pili! Munaimba kama munaogopa mvua! Mara moja tena!"

Alimwona Mwanne mlangoni. Uso wake wote ulifunguka, akainua mkono kama anayetaka kukimbia kumkumbatia. Kisha sauti ya pili ikakosea tena, mahali pale pale.

"Yaya, nakuja," alisema, na kuwageukia. "Nyinyi! Kuanzia mwanzo."

Mwanne aliweka kapu chini, akaketi kwenye benchi la nyuma karibu na mwanamke aliyekuwa akinyonyesha, akavua viatu kupumzisha miguu. Wimbo ulikuwa mpya; hakuwahi kuusikia popote. Walipoukosea mara ya nne, mama anayenyonyesha alimwinamia.

"Huyu mwalimu ni mkali," alinong'ona. "Eti wewe unamfahamu?"

"Ni mdogo wangu," Mwanne alisema.